Kisangani: kozi za sayansi za mtandaoni zianzie maabarani

Kila mara masomo yanapokwama mashariki mwa Kongo, jibu moja hurudi: yahamie mtandaoni. Lilisemwa Machi 2020, korona ilipofunga vyuo vikuu vyote vya nchi hadi Agosti. Likasemwa tena Desemba ya mwaka huo, milango ilipofungwa mara ya pili hadi Februari 2021. Limerudi kwa nguvu tangu Januari 2025, Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 na Bukavu ikafuata Februari, familia zikatawanyika na wanafunzi wakajikuta mbali na madarasa yao. Hata maprofesa wanapogoma, hakosekani mtu wa kulitoa.

Kwa kozi ya sheria au historia, jibu hilo lina njia, ingawa ni nyembamba. Kwa kemia, fizikia na biolojia lina kizuizi anachokijua kila aliyesoma sayansi: maabara haiingii katika simu. Mtu anaweza kusikiliza maelezo juu ya hadubini mwaka mzima na siku ya kuiona asijue hata kuilenga kwenye ngozi ya kitunguu.

Lakini kuyakataa masomo ya mbali kwa sababu hiyo kuna gharama yake, na wanaoilipa ni vijana. Tshopo ndilo jimbo kubwa kuliko majimbo yote 26 ya nchi, karibu kilomita za mraba 200,000. Kijana wa Bafwasende, Opala au Yahuma anayetaka kusoma kemia lazima ahamie mjini, apate chumba, chakula na pesa za masomo, na abaki pale hata wiki ambazo hakuna kipindi. Hata mjini kwenyewe, anayeishi Lubunga hana daraja la kuvuka mto Kongo. Anategemea mtumbwi na hali ya hewa. Wengi hawaachi sayansi kwa kukosa akili. Wanaiacha kwa sababu ratiba inawataka wawepo kila siku, na maisha yao hayaruhusu.

Kwa hiyo Chuo Kikuu cha Kisangani, UNIKIS, na vyuo vingine vya mji huu havina budi kuingia katika masomo ya mbali. Kinachobaki kuamuliwa ni namna kozi itakavyochorwa. Hadi sasa watu wengi wameanza na skrini: profesa aongee wapi, kwa programu gani, saa ngapi. Kozi ya sayansi inapaswa kuanza upande wa pili. Kwanza ijulikane ni kitu gani kinaweza kufanyika maabarani tu. Mengine yote yatafuata.

Faili kwenye WhatsApp si kozi

Kinachoitwa masomo ya mtandaoni mara nyingi ni hiki: profesa anampa kiongozi wa darasa, yule CP, faili la silabusi, naye analituma kwenye kundi la WhatsApp. Baada ya hapo ni kimya hadi siku ya mtihani. Mwanafunzi hana wa kumwuliza, hana zoezi la kujipima, na hajui kama alichokielewa ndicho kilichokusudiwa. Hapo kilichohama ni karatasi tu. Kufundisha kumebaki nyuma.

Njia nyingine ni kurusha somo moja kwa moja kwa video, kila mtu awe hewani saa ileile. Hesabu yake ni rahisi. Video inayotumia megabiti moja kwa sekunde inakula karibu megabaiti 450 kwa saa. Kwa kozi tano zenye saa mbili mbili kwa wiki, mwanafunzi mmoja anamaliza gigabaiti nne na nusu kila wiki. Sauti peke yake, ikibanwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde, inachukua megabaiti 14 kwa saa nzima. Maelezo yaleyale ya profesa, yakirekodiwa kwa sauti na kuambatana na kurasa chache za michoro, yanagharimu sehemu ndogo sana ya bei ya video.

Tena kuna umeme. Kisangani ina maporomoko ya mto Tshopo na kituo cha umeme chenye mitambo mitatu, lakini wakaaji wake wanajua vizuri maana ya kukaa gizani siku kadhaa. Kozi inayomlazimu mwanafunzi awe hewani saa nne kamili asubuhi imeshawatupa nje wale ambao mtaa wao hauna umeme siku hiyo. Kozi inayonyumbulika ni ile anayoipakua mara moja, anaisoma simu ikiwa na chaji, na anarudisha majibu yake mtandao unapopatikana, mradi ni kabla ya mwisho wa juma.

Vifaa vya kufanya hivyo vipo na havidai leseni. Moodle, programu ya kuendesha kozi inayotumiwa na vyuo vingi duniani tangu 2002, haiuzwi, na kupitia simu inaruhusu masomo kupakuliwa na kusomwa bila mtandao. Michezo ya kisayansi ya PhET, iliyoanzishwa 2002 na Carl Wieman wa Chuo Kikuu cha Colorado, mshindi wa Nobel ya fizikia ya 2001, inamwezesha mwanafunzi kuunganisha saketi ya umeme au kuchanganya asidi na besi kwenye skrini, na inafanya kazi hata intaneti ikizimwa. Kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja, ikiunganishwa na paneli ya jua, inaweza kubeba kozi za mwaka mzima na kuzigawa kwa simu za watu walio karibu bila kutumia hata mega moja. Moja ya hizo ikiwekwa Isangi, nyingine Lubunga na nyingine Banalia, katika shule au parokia, mwanafunzi atatembea hadi pale, atapakua masomo ya mwezi, na kurudi nyumbani.

Kusuka mtego na kutega mtego

Wavuvi wa Wagenia wanatoa picha nzuri ya namna ya kugawa kozi. Mitego yao mikubwa ya kikapu hutegwa katikati ya maji makali, ikining'inia kwenye miti iliyosimikwa kati ya mawe. Kazi hiyo haifundishwi nchi kavu. Lazima mtu aingie majini pamoja na anayeijua. Lakini mtego wenyewe husukwa nje ya maji, taratibu, kabla ya siku ya kutega. Anayekwenda mtoni na mtego usiosukwa anapoteza siku yake na ya wenzake.

Maabara nyingi za vyuo vyetu zinatumika hivyo: mtego unasukwa mtoni. Wanafunzi wengi wanazunguka meza moja. Msaidizi anatumia saa nzima kueleza nadharia ambayo wangeweza kuisoma nyumbani. Wawili au watatu wanagusa vifaa, wengine wanaandika namba walizosomewa. Saa inaisha. TP imehesabiwa, lakini mkono haujajifunza kitu.

Tuchukue zoezi la kemia la mwaka wa kwanza: kupima ukolezi wa asidi kwa kuidondoshea besi tone kwa tone hadi rangi ibadilike. Ndani yake kuna mambo mengi. Kuna kuelewa kwa nini rangi inabadilika. Kuna kukokotoa kiasi cha asidi. Kuna kusoma namba kwenye bomba la kioo bila kudanganywa na mkunjo wa maji. Kuna kujua makosa ya kawaida na namna yanavyoharibu jibu. Mambo yote hayo yanaweza kusukwa nyumbani, kwa picha, kwa sauti, kwa mazoezi na kwa skrini. Kinachobaki ni kufungua kibomba kwa vidole, kusimama kwenye tone linalofaa, na kurudia mara tatu hadi majibu yakaribiane. Hilo halina mbadala.

Mwanafunzi aliyefika maabarani akiwa ameshafanya hesabu na ameshapita jaribio fupi la maandalizi hahitaji kuelezwa upya. Anavaa koti na kuanza kazi. Muda uleule wa maabara unatosha watu wengi zaidi, na kila mmoja anagusa.

Hapo ndipo unyumbufu wa kweli unapopatikana. Badala ya saa mbili za TP kila wiki, zinazomlazimisha mtu kuishi mjini miezi yote, vitendo vya muhula vikusanywe katika wiki mbili au tatu mfululizo. Mwanafunzi wa Opala anakuja Kisangani mara mbili kwa mwaka, anafanya vitendo asubuhi na mchana, kisha anarudi kwao. Aliye mjini anaweza kuchagua kundi la asubuhi au la jioni. Mwalimu wa sekondari anayetaka kuongeza masomo anakuja wakati wa likizo.

Waliotangulia

Jambo hili si geni. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilianzishwa 1969 na kupokea wanafunzi wa kwanza 1971. Wale wa sayansi walitumiwa kwa posta sanduku la vifaa vya majaribio, pamoja na hadubini ndogo, na wakati wa kiangazi walikusanyika kwa wiki ya vitendo. Hapakuwa na intaneti. Kilichokuwepo ni kozi iliyofikiriwa tangu mwanzo kwa ajili ya mtu aliye mbali.

Jirani zetu wa Tanzania walipitisha sheria ya Chuo Kikuu Huria 1992, na baadaye kikaanza kufundisha. Wanafunzi wake wa sayansi husoma wakiwa mikoani, kisha huitwa kwa vipindi maalum vya vitendo, mara nyingi katika maabara za taasisi nyingine. Somo hapo ni muhimu kwa Kisangani: si lazima kila taasisi ijenge maabara yake. UNIKIS, Kitivo cha Kilimo cha Yangambi chenye makao mjini, na taasisi za ualimu zinaweza kupanga kalenda moja ili maabara inayolala mwezi huu itumiwe na jirani.

Makerere ya Uganda na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walijaribu njia nyingine kwa kushirikiana na MIT ya Marekani: mwanafunzi anaendesha kifaa halisi cha elektroniki akiwa mbali, kwa kompyuta, na kupokea vipimo halisi. Kwa saketi za umeme njia hiyo inafaa, kwa sababu hata mhandisi aliye chumba kilekile anasoma kifaa kupitia kompyuta. Lakini inadai umeme na mtandao usioyumba, na haiwezi kufundisha kupasua samaki. Kila somo lina sehemu yake inayokubali umbali na sehemu inayoukataa. Mwenye kulijua hilo ni mwalimu wa somo, wala si fundi wa kompyuta.

Kuna pia hazina iliyokwisha kuandikwa. Chuo Kikuu Pepe cha Afrika, kilichokuwa na makao Nairobi, kwa msaada wa Benki ya Maendeleo ya Afrika kilitengeneza moduli 73 za kuandaa walimu, zikiwemo za hisabati, fizikia, kemia na biolojia, kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, ziwe huru kwa yeyote. Profesa wa Kisangani hana sababu ya kuanza na ukurasa mtupu. Anaweza kuchukua, kukata, kuongeza mifano ya hapa, na kurekodi maelezo ya sehemu ngumu kwa Kiswahili au Kilingala, lugha ambazo wasaidizi wenyewe huzitumia pembeni mwanafunzi anapokwama na Kifaransa.

Msitu uhesabiwe kuwa maabara

Wapo masomo ambayo kukaa mbali na chuo ni faida. Biolojia na ekolojia ya Tshopo haipo ndani ya kuta za kitivo. Iko Yangambi, karibu kilomita 100 kwa mto kutoka mjini, ambako utafiti wa kilimo ulianza 1933, ambako kuna hifadhi kubwa ya mimea iliyokaushwa, na ambako tangu 2020 mnara wa mita 55 unapima hewa ya kaboni inayoingia na kutoka msituni. Iko kwenye mto ambao mwaka 2010 wanasayansi wa Kongo na wa nje waliupita kwa msafara mkubwa kati ya Kisangani na Bumba, wakikusanya samaki, wadudu na mimea.

Mwanafunzi aliye Bafwasende anaishi ndani ya kitu ambacho watafiti wa ng'ambo wanalipa tiketi kuja kukiona. Anaweza kupima mvua kila asubuhi kwa chupa iliyokatwa na rula. Anaweza kuchagua miti ishirini, kupima unene wake kwa kamba, na kuandika ni lini inachanua. Anaweza kuorodhesha samaki wanaoletwa sokoni kila wiki, kwa majina ya wavuvi, kisha kuyalinganisha na majina ya kisayansi anapokuja kwenye wiki za vitendo. Simu yenyewe ni kifaa: programu ya phyphox ya Chuo Kikuu cha Aachen, Ujerumani, inatumia vihisi vilivyo ndani ya simu kupima mwendo, sauti au mshuko, bure na bila mtandao. Simu iliyofungwa kwenye kamba na kubembezwa inatosha kwa somo zima la pendulamu.

Vipimo hivyo vikikusanywa kutoka wilaya saba za jimbo, Kituo cha Uangalizi wa Bioanuwai cha Kisangani kitapata kitu ambacho darasa la mjini haliwezi kukipa. Hapo mwanafunzi aliyeonwa kuwa mzigo kwa sababu yuko mbali anageuka kuwa jicho la chuo kijijini.

Hofu zenye haki

Wapo wenye wasiwasi, na wana sababu. Hofu ya kwanza ni kwamba neno mtandaoni litatumiwa kama kisingizio cha kufunga maabara. Asidi ni ghali, hadubini zimechakaa, na picha kwenye skrini haigharimu kitu. Chuo kikiingia njia hiyo kitatoa wanakemia wa karatasi, na siku watakapopima maji ya kunywa au dawa ya hospitali, mkaaji ndiye atakayelipa. Ulinzi wake ni kanuni moja isiyo na mjadala: hakuna anayepata alama ya kozi ya sayansi bila kupita vitendo kwa mkono wake, mbele ya msimamizi, na vitendo vipewe alama zake peke yake.

Hofu ya pili ni ya asiye na simu nzuri. Huyo asiachwe. Faili zote zichapishwe pia, na kompyuta chache za chuo ziwe wazi hadi jioni. Kozi ikikubali sauti na karatasi, hata simu ya bei ndogo yenye kadi ya kumbukumbu inatosha.

Hofu ya tatu ni ya mwalimu. Kuandaa kozi ya namna hii kunachukua muda mrefu kuliko kuingia darasani na silabusi ya miaka kumi. Kama saa hizo hazihesabiwi katika mzigo wa kazi wala hazilipwi, na kama mapato ya kuuza silabusi yanapotea bila kitu cha kuyaziba, profesa hatakubali, na hakuna wa kumshangaa. Wizara ya elimu ya juu imekataza mara nyingi kuwalazimisha wanafunzi kununua silabusi. Katazo litakuwa na nguvu zaidi pale ambapo kuandika kozi iliyo wazi kutahesabiwa kuwa kazi halali ya kitaaluma, hata wakati wa kupandishwa cheo.

Mlango uko wazi

Sheria haizuii. Mfumo wa LMD, uliotandazwa nchini kuanzia mwaka wa masomo wa 2021-2022, unahesabu shahada ya kwanza kwa krediti 180, 60 kila mwaka, na krediti inahesabu kazi yote ya mwanafunzi, pamoja na ile anayoifanya peke yake. Krediti aliyokwisha kuipata inabaki yake na inaweza kuhamishwa. Kwa jimbo linalopokea waliokimbia vita, hilo si jambo dogo. Mwanafunzi aliyemaliza moduli ya kemia na vitendo vyake kabla ya risasi kusikika hapaswi kuanza upya mwaka mzima katika mji mwingine. Kozi zikigawanywa katika moduli ndogo zenye mwisho unaoeleweka, vita au ugonjwa vitamkatiza, lakini havitafuta alichokwisha kukijenga.

UNIKIS ilizaliwa 1963, ikamezwa na chuo kikuu kimoja cha taifa 1971, ikarudi kuwa chuo kikuu kinachojitegemea 1981, na mwaka 2000 mji wake ukapita katika vita vya siku sita vya majeshi ya kigeni. Mara zote masomo yalirudi. Chuo chenye historia hiyo hakihitaji kusubiri mradi mkubwa kutoka nje ili kuanza.

Kianze na kozi moja: kemia ya mwaka wa kwanza. Walimu wa kozi hiyo wapewe muhula mmoja wa kuiandaa, wakianza kwa kuandika kwenye karatasi ni vitendo gani visivyoweza kutoka maabarani. Wiki za vitendo zitangazwe mapema, miezi mitatu kabla, ili aliye Yahuma apate muda wa kutafuta nauli na boti. Mwisho wa mwaka, matokeo ya vitendo ya walioifuata kozi hiyo yawekwe kando ya yale ya darasa la kawaida, na yabandikwe ukutani kila mtu ayasome. Kama mikono yao ni mizuri sawa na ya wenzao, kozi ya pili ifuate. Kama sivyo, irekebishwe kabla ya kupanuliwa.